Sentensi Kumi za Nyumbani Kwetu

Jana tumemzika Njeri kule Kawangware, na leo magoti yangu hayataki hata kusikia habari za ngazi. Mjukuu wangu amenikuta nimekaa kitandani na viatu vya jana bado miguuni, akaniuliza, "Shosho, uko poa?" Nikamwambia niko poa, maana ukisema kitu kingine wanakukimbizia dawa. Mimi si mgonjwa. Nimechoka tu, uchovu ule ambao usingizi hauuondoi, na najua ulikotoka. Jana mwanawe Njeri wa kwanza, ambaye naye sasa kichwa kimejaa mvi, alinishika mkono mbele ya watu akanipa maikrofoni. Nikasema marehemu alikuwa mwenzangu tangu tukiwa wasichana, kwamba alijua kupika, kwamba alikuwa mkali kwa wapangaji wake lakini hakuwahi kumfungia mtu mlango mvua ikinyesha. Watu wakacheka kidogo, wakalia kidogo, nikarudi kwenye kiti changu chini ya hema. Kuna jambo moja sikulisema. Ni la mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na saba, Njeri akilala jikoni kwetu Makina, kule Kibra, nami nikijifunza Kiingereza. Sikumwambia yeye akiwa hai, sikuwaambia watoto wake jana, na sasa naliandika kwa sababu nimechoka kulibeba, si kwa sababu nimekuwa mtu mwema.

Makina ya siku zile usiitafute leo, hutaiona. Leo mabati yamekumbatiana, paka akitaka anatoka msikitini hadi Laini Saba bila kukanyaga chini. Siku zile nyumba ilikuwa mbali na nyumba, katikati mahindi na migomba, na nyuma ya kila nyumba jiko la udongo limejitenga peke yake. Masomo yalikuwa katika chumba cha nje cha Mwalimu Ramadhani, Mnubi mwenzetu aliyekuwa karani wa jeshi hadi mapafu yake yalipomkataa. Meza ilikuwa sanduku la risasi lililogeuzwa. Ukuta mmoja ulipakwa masizi na utomvu ukawa ubao. Tulikuwa wanafunzi wanane, wavulana mbele, wasichana watatu nyuma karibu na dirisha, na dirishani ndipo mke wa Mwalimu alipoanika samaki, kwa hiyo mpaka leo nikisoma Kiingereza kizuri nasikia harufu ya samaki mkavu. Tulikutana baada ya swala ya alasiri, siku nne kwa juma, na karibu mwaka mzima hatukutoka kwenye wakati mmoja tu wa kitenzi, ule wanaouita present simple. Baadhi ya wazazi walinung'unika. Walitaka watoto wao wasome barua za serikali, na huyu mtu bado anawafundisha nani huamka saa ngapi! Mwalimu alikohoa, akawajibu, "Mtu asiyeweza kusema anachofanya kila siku, ataandika barua gani?"

Alitufafanulia kwa Kiswahili, na sijasikia mwalimu mwingine akifafanua vizuri kuliko hivyo, na nimewasikia wengi. Alisema ni ile hu yetu. Babu huamka. Babu huswali. Si kwamba anaamka sasa hivi mbele ya macho yako, hapana, bali ukija leo, ukija kesho, ukija mwezi ujao, utamkuta ni vilevile. "Ni wakati wa mazoea," alisema. "Ni wakati wa mambo yenye mizizi." Kisha akatuonya kuhusu herufi ile moja, s, ambayo Mwingereza huibandika kwenye kitenzi kila anapomtaja mtu mmoja asiyekuwapo. Mimi naamka ni I wake, lakini babu ni he wakes. Aliyesahau s alifagia chumba na kumwagilia sakafu maji. Wavulana walifagia mpaka wakazoea. Mimi sikufagia hata siku moja, na nisiwe mnafiki, nilijiona. Nilipita kwenye vichochoro vya Makina nimejifunga gurbaba yangu, ile nguo yetu ya kujizungushia, nikisemea moyoni habari za kila nimwonaye. She sells milk. He mends shoes. Yule huuza maziwa, yule hushona viatu. Ulimwengu wote nilikuwa nautilia s.

Kila Alhamisi ilikuwa siku ya sentensi kumi. Mwalimu hakutaka mifano ya kitabuni, watu wa Ulaya na mbwa wao. "Hao mimi siwajui," alisema. "Niandikieni nyumbani kwenu. Sentensi kumi, zina namba, na zote ziwe kweli. Wakati huu ukiudanganya unaharibika." Kwa hiyo tuliandika nyumba zetu. Nikaandika kwamba babu yangu huamka saa kumi na moja, ambayo kwa Waingereza ni five, na hilo pekee lilitugombanisha na Mwalimu juma zima. Nikaandika kwamba hunywa kahawa ya tangawizi vikombe vitatu, kwamba bibi yangu husuka sinia za ukindu, kwamba jioni sisi hula kisra, ule mkate wetu mwembamba, kwa mboga ya bamia. Na kwa kuwa Mwalimu alisema ukweli, na kwa kuwa nyumbani kwetu alikuwapo mtu ambaye nilimwona kila siku kuliko wote, nikamwandika na yeye.

Njeri alikuwa msichana wa Kawangware aliyetuletea viazi na kabichi tangu nikiwa mdogo, yeye na mama yake, wamejitwisha migongoni kwa kamba ya kichwa. Alinizidi miaka mitatu hivi. Hali ya Hatari ilipotangazwa, na Wakikuyu wakawa wanasakwa Nairobi nzima, kaka yake Njeri aliingia msituni kupigana na Mwingereza, na askari wakaanza kumtafuta yeye ili awaambie kaka yuko wapi. Asubuhi moja alifika mlangoni kwetu bila viazi. Hakuwa na pasi ya kutembea, hakuwa na barua, alikuwa na shuka moja na kikohozi. Bibi hakumuuliza neno. Alimpeleka jikoni, akamtandikia mkeka nyuma ya mitungi, na mambo yakaishia hapo. Kama angekamatwa, ni kambi ya kizuizini, na kule wengine hawakurudi. Hilo tulilijua sote. Nililijua mimi pia, na msomaji asije akanionea huruma akadhani sikujua.

Lakini Babu je? Babu alikuwa askari mstaafu wa Mwingereza, sajini, mwenye medali ndani ya soksi na pasi ya shamba ndani ya Kurani. Pasi ile ndiyo iliyotuweka Kibra. Walipewa wazee wa jeshi, na ingeweza kuchukuliwa siku yoyote, hasa akionekana anaficha mtu wa msituni au ndugu yake. Hapo ndipo Bibi alipotumia ada yetu kama ngao. Kwetu mwanamume mwenye heshima haingii jikoni. Babu hakuwahi kuvuka kizingiti cha jiko lile tangu lijengwe, na chakula kilimfuata barazani. Basi kilichokuwa jikoni yeye hakukiona, na asichokiona angeweza kuapa kwamba hakijui. Nikiwa nasuuza vikombe niliwasikia siku moja wanazungumza, Babu anajifanya anaangalia mahindi. "Mama Hadija," akamwita Bibi kwa jina langu kama walivyozoea, "viazi siku hizi vinaisha upesi. Jikoni kuna panya?" Bibi akajibu bila kuinua macho kwenye sinia yake, "Yuko mmoja." "Mkubwa?" "Wa kadiri. Ana adabu." Babu akatafakari. "Basi msimpige," akasema, "panya wa jikoni si kazi ya mwanamume." Walikuwa wanachekesha, wale wazee, na wote wawili walikuwa wanaogopa. Kuanzia siku hiyo Babu alianza kubakiza nyama kwenye sahani yake, vipande viwili, kila mlo, na kusema kwa sauti kwamba meno hayamsaidii.

Njeri ndiye aliyenisikiliza masomo. Mchana, Bibi akiwa amelala, nilikaa naye kule gizani, moshi unatuumiza macho, yeye anamenya viazi, mimi nasoma. Hakujua Kiingereza hata neno, ila alipenda kusikia. Alikuwa akisema, "Soma ile yenye babu." Nikisoma alicheka kimyakimya, mkono mdomoni, kwa sababu hakuruhusiwa kucheka kwa sauti. Aliniuliza, "Na mimi nimo?" Nikamwambia umo, namba saba na namba nane. Alifurahi, jamani. Mtu anayejificha miezi mitano, jina lake halitamkwi na mtu nje ya kuta nne, akasikia yumo kwenye daftari. Alinifanya nimsomee mara mbili. Namba saba, Njeri sleeps in our kitchen. Njeri hulala jikoni kwetu. Namba nane nilijivunia zaidi, kwa kuwa juma lile tulikuwa tumejifunza kukanusha, nayo ni ngumu, s inatoka kwenye kitenzi inahamia kwingine. She does not go outside. Yeye hatoki nje.

Alhamisi ile Mwalimu Ramadhani alisahihisha daftari langu kwa wino mwekundu, kumi kwa kumi. Hakuwa amewahi kumpa mtu kumi. Niliona mkono wake umesimama juu ya ukurasa muda mrefu. Wenzangu walipotoka akaniita. "Hadija," akasema, "kila kitu ni sahihi. Ukifika nyumbani, uchane ukurasa huu." Nikamwuliza kwa nini, ilhali nilijua. Akakohoa, akafuta mdomo. "Kwa sababu ni sahihi. Uchane, utie jikoni, uwashie moto." Nikasema, "Nitachana, Mwalimu." Sikuchana. Nilifika nao mpaka mbele ya mafiga, nikautazama ule wino mwekundu, nikasema kesho. Mwenzangu, we acha tu, nilikuwa na miaka kumi na saba na hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo.

Jumamosi ya juma lililofuata akaja afisa wa Kizungu aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kukagua pasi za wazee. Kijana, uso mwekundu wa jua, pamoja na askari wawili waliobaki nje kwenye mahindi. Babu alikuwa amemsubiri tangu asubuhi na koti lake la jeshi, vifungo vinang'aa. Kwa Babu, ukaguzi ulikuwa ukaguzi. Kama ni bunduki unaionyesha, kama ni viatu unavionyesha, na bora uonyeshe zaidi ya ulichoulizwa ili mkaguzi aondoke akisema nyumba hii ina nidhamu. Pasi ilitazamwa, ikarudishwa. Bibi akaleta kahawa hadi mlangoni. Mambo yalikuwa yamekwisha salama. Laiti Babu angemwacha yule mtu anywe kahawa aende zake! Lakini sajini wa zamani akiona mkubwa amependezwa hatulii, lazima aongeze. Halafu alikuwa na shida yake, na shida yake ilikuwa mimi. Hospitali walikuwa wanatafuta wasichana wa kufundishwa uuguzi, wanaojua Kiingereza, na kila msichana alitakiwa awe na barua ya afisa.

"Effendi," Babu akasema, "mjukuu wangu huyu anajua Kiingereza. Hadija! Leta daftari. Simama wima, msomee Bwana." Nikaingia ndani. Daftari lilikuwa chini ya mto. Lilikuwa na kurasa nyingi, ningeweza kuchagua ule wa sokoni, au ule wa siku za juma. Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe kwenye wino mwekundu. Nilijiambia nitasoma hadi namba sita kisha nitaruka. Wallahi hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikasimama barazani nikaanza. Namba moja, babu huamka saa kumi na moja. Namba mbili, huswali. Namba tatu, kahawa. Afisa aliweka kikombe chini, akaanza kutabasamu, na si tabasamu la dharau, maana la dharau nalijua. Alikuwa anafurahi kweli. Kila s ilipopita alitikisa kichwa. Babu, ambaye Kiingereza chake kilikuwa amri za gwaride tu, alitikisa pamoja naye. Nikafika namba sita, kisra na bamia. Nikanyamaza. "Go on," afisa akasema. Endelea. Nikamtazama. Ningeweza kusema zimekwisha. Lakini alikwisha kuona nimekatiza njiani, na namba nane ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, na hakuna msichana Makina aliyeiweza ila mimi.

Nikasoma namba saba. Nikasoma namba nane.

Barazani pale tulikuwa watu wanne, na Kiingereza tulikielewa wawili tu, lakini jina halina lugha. Njeri ni Njeri. Nilimwona Bibi mlangoni na sinia, macho yake yamenikazia. Nilimwona Babu, kikombe hakijafika mdomoni wala hakirudi chini. Afisa aliendelea kutabasamu mpaka nikamaliza kumi, akapiga makofi mara tatu, polepole. Kisha kwa Kiswahili chake kilichonyooka akamwuliza Babu, "Mzee, Njeri ni nani?" Babu akasema, "Simjui, Effendi. Simwoni." Na hilo la kutomwona lilikuwa kweli. Afisa akatazama jiko lile kwa mbali, moshi wake unatoka taratibu, akatoa kijitabu mfukoni akaandika neno. Akaniambia nije ofisini kwake Jumatatu mchana nichukue barua. Akashukuru kahawa, akaondoka na askari wake.

Sasa nifike kwenye lile ambalo ni baya kuliko kusoma. Alipotoweka tu, Bibi alinivuta nyuma ya nyumba akanishika mabega. "Umesema nini habari za Njeri?" Palikuwa na muda. Kulikuwa na mjane mmoja kule karibu na reli, rafiki wa Bibi, angempokea jioni ileile. Palikuwa na Jumamosi nzima iliyobaki, na Jumapili yote. Nikamwambia, "Nimesema tu kwamba anatusaidia kupika, Bibi. Mzungu amependa. Wao wote wana wapishi Wakikuyu." Bibi akanichungulia usoni muda mrefu. "Hakuna zaidi?" "Hakuna." Akaniachia, akavuta pumzi, akasema Alhamdulillahi. Njeri alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jiko akisikiliza, naye akacheka, mkono mdomoni, akauliza kama Mzungu amenipigia makofi. Nikamwambia amenipigia. "Ninajua," akasema, "niliyasikia." Kwa nini nilidanganya? Nimejiuliza maisha yangu yote na jibu halinifurahishi. Niliogopa kupigwa. Niliogopa Babu. Na niliitaka ile barua, na nikajiaminisha kwamba mtu aliyetabasamu vile hawezi kufanya ubaya. Basi.

Jumatatu hawakungoja mchana. Lori lilikuja asubuhi, jua limeshapanda, watu wako mashambani. Askari walizunguka nyumba, wawili wakamzuia Bibi mlangoni asitoke, wawili wakaenda moja kwa moja jikoni kama watu waliokwisha kuingia humo. Wakamtoa Njeri na shuka lake, unga wa kisra bado umemganda viganjani. Alipotoka juani alifunga macho. Miezi mitano hakuwa ameliona jua vile. Mimi nilikuwa uani na ndoo ya maji. Yule afisa alinijia, akavua kofia, hata kofia alivua, akaniuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini ya mtu anayeongea na mwanafunzi mzuri, kama huyu ndiye mwanamke mwenyewe. Njeri alikuwa hatua tano kutoka hapo, mikono imeshikwa nyuma, ananitazama. Alikuwa ananitazama kama mtu anayemtazama wakili wake. Nami nikasema, "Yes, sir. She sleeps in our kitchen." Ndiyo, Bwana. Yeye hulala jikoni kwetu. Na s yake nikaitia.

Wakampandisha. Babu alihojiwa barazani, akaapa kwa Kurani kwamba tangu Hali ya Hatari hajaona Mkikuyu ndani ya boma lake, na majirani wote wakashuhudia kwamba mzee huyu jikoni haingii, hata mvua ya mawe imkute uani. Pasi akaachiwa. Lori lilipokwenda, aliketi barazani hadi adhuhuri. Kisha akainuka, akavua viatu, akavuka uani, akainama kwenye mlango wa jiko, akaingia. Bibi alikuwa mle analia. Sisi kwetu hatujaona jambo kama lile. Alisimama kando ya mafiga, kichwa kinagusa masizi, anautazama mkeka nyuma ya mitungi. "Ndipo hapa?" akauliza. Bibi akasema ndipo. Akasema, "Padogo." Akatoka. Hakunipiga, hakunigombeza. Aliendelea kubakiza vipande viwili vya nyama kwenye sahani kwa muda mrefu, na hakuna aliyevila.

Na barua nilikwenda kuichukua, sikuiacha. Jumanne nilikwenda na gurbaba safi. Iliniweka hospitali miaka zaidi ya thelathini, nikazungumza Kiingereza na madaktari, nikaandika kila usiku na kila mchana kwamba mgonjwa fulani hulala vibaya, mgonjwa fulani hali chakula. Kwa Mwalimu Ramadhani sikurudi. Nilikutana naye mara moja njiani, amebaki mifupa, akanitazama na kuuliza, "Ulichana?" Nikamwambia nilichelewa. Akasema, "Aa," akaendelea na safari yake. Alifariki mwaka uleule.

Njeri alirudi. Miaka ilikuwa imepita, Uhuru umekaribia, mimi nimeshaolewa, Babu ameshazikwa. Nilitoka kazini na sare yangu nyeupe nikamkuta barazani kwetu ameketi na Bibi, kiondo cha njahi, maharage meusi ya kwao, miguuni, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa amekonda, meno mawili ya mbele hayapo, na alipoinuka alichechemea. Nikasema sasa imefika. Nikajiweka tayari nitukanwe, wallahi nilitaka nitukanwe, ningepumzika. Yeye akanikumbatia hadi kofia ya uuguzi ikaanguka. "Mama," akamwambia Bibi, "wewe hukuona, walikuzuia mlangoni. Mimi niliona. Mzungu alimwuliza huyu maneno, akamjibu bila kutetemeka, Kiingereza kile alichokuwa ananisomea. Alinitetea. Kule kambini wenzangu walikuwa wanalia kwamba walikamatwa hakuna hata mtu mmoja aliyewasemea. Mimi nilikuwa nawaambia, mimi yuko mmoja."

Bibi macho yalikuwa yamekwisha kufa siku hizo. Akageuza uso kuelekea sauti yangu. "Ulimwambia nini, Hadija?" Tangu lori liondoke hakuwa amewahi kuniuliza, miaka yote ile. Nami nikajibu, "Nilimwambia huyu ni mtu wetu." Njeri alifuta machozi kwa kiganja, akafungua kanga ya mgongoni, akamtoa mtoto, msichana, usingizi umemlegeza. "Wa kwanza wa kike nilimpa jina la mama wa mume wangu," akasema, "wa pili jina la mama yangu, kama ada yetu inavyotaka. Huyu wa tatu wazee walikuwa na jina lao, wakakasirika, hata kanisani padri aliniuliza mara mbili. Nikawaambia mtamwita hivi au hamtamwita." Akaninyooshea yule mtoto kwa mikono yote miwili. "Huyu ni Hadija. Mbebe." Nikampokea.